Mwajiri anaruhusiwa kukuchunguza hadi wapi?

Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, waajiri wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linalalamika kwamba siku hizi huwezi hata kumpigia simu bosi wa zamani wa mtu, maana ukipiga tu umeshavunja sheria. Kundi la pili linasema hakuna kilichobadilika: anayetaka kazi asaini fomu, na akishasaini, maisha yake yote ni ya kupekua. Watafuta kazi nao wana mkanganyiko wao. Wapo wanaoamini mwajiri hana ruhusa ya kuuliza lolote zaidi ya vyeti vya shule, na wapo waliokwishakata tamaa, wanaojaza mpaka majina ya wakwe na majibu ya vipimo vya hospitali wakidhani ndio utaratibu.

Ruhusa ya kuchunguza mwajiri anayo, na haijafutwa. Kinachopimwa ni kila swali peke yake: lina uhusiano gani na kazi inayotangazwa, mwombaji anajua kwamba linaulizwa, na jibu likishapatikana linawekwa wapi, analiona nani, linafutwa lini. Ukishika maswali hayo, sehemu kubwa ya sheria inajieleza yenyewe.

Tuanze na kwa nini uchunguzi upo. Tarehe 28 Aprili 2017, Rais John Magufuli alipokea mjini Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, na wakaondolewa kazini. Wengine walikuwa wamefanya kazi miaka mingi. Ilifika mwaka 2022 ndipo serikali ikatangaza kuwarudishia michango yao waliyokatwa kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii. Tangu wakati huo neno "uhakiki" limekuwa la kawaida nchini, na hakuna mtu mzima anayebisha kwamba muuguzi, mhasibu au mwalimu anapaswa kuhakikiwa kabla ya kukabidhiwa wagonjwa, fedha au watoto. Mwajiri asiyehakiki ana hatari yake pia: dereva asiye na leseni halali akisababisha ajali, maswali ya kwanza yataelekezwa kwa aliyemkabidhi funguo.

Kwa hiyo tuna nguvu mbili. Moja imetokana na 2017 na inasema hakiki. Nyingine imetokana na 2023 na inasema heshimu. Mwajiri anatakiwa kuzibeba zote.

Maneno machache kwanza

Taarifa binafsi ni taarifa yoyote inayoweza kumtambulisha mtu: jina, namba ya NIDA, namba ya simu, anwani, historia ya kazi, picha. Wewe unayeomba kazi ndiye mhusika wa taarifa. Kampuni inayoamua nini kikusanywe na kwa nini ni mkusanyaji. Ikikodi wakala amsaidie kuhakiki, wakala huyo ni mchakataji. Tofauti ya hawa wawili ina maana kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu kuna waajiri wanaodhani wakishamwachia wakala kazi chafu, mikono yao imebaki safi. Mkusanyaji ndiye aliyeamua uchunguzi ufanyike, na wajibu unabaki kwake hata kama hajawahi kuiona sura ya mwombaji. Pia kila anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anapaswa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024.

Kisha kuna taarifa binafsi nyeti, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Orodha ya Tanzania ni pana. Ina mambo ambayo mtu angeyategemea, kama vile afya, maisha ya kimapenzi, dini, asili ya mtu na msimamo wake wa kisiasa. Lakini ina pia taarifa zinazohusu makosa ya jinai, miamala ya kifedha ya mtu, na alama za kibayometria kama alama za vidole. Yaani vitu viwili ambavyo waajiri huvipenda kuliko vyote, rekodi ya polisi na hali ya madeni, viko ndani ya boksi moja na majibu ya hospitali. Kanuni ni kwamba taarifa hizo hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mhusika, isipokuwa pale sheria yenyewe ilipoweka nafasi, kwa mfano inapokuwa ni kutimiza takwa la sheria nyingine.

Ridhaa nayo ina masharti. Mtu awe ameelezwa anakubali nini, akubali kwa hiari, na awe na uwezo wa kuiondoa ridhaa yake baadaye. Fundi bomba ukimruhusu aingie jikoni kuziba bomba linalovuja, hujamruhusu kufungua kabati la chumbani. Sahihi iliyowekwa chini ya sentensi kama "nakubali kampuni ifanye uchunguzi wowote itakaoona unafaa" ina ugonjwa huo: haisemi jikoni wala chumbani. Ningekuwa mwajiri nisingeitegemea fomu ya namna hiyo mbele ya Tume, na nisingeitegemea zaidi kama imepakuliwa mtandaoni ikiwa bado inataja sheria ya Marekani.

Kuna swali gumu kidogo ndani yake. Mtu asiye na kazi miaka miwili, mwenye kodi ya nyumba inayomdai, anaweza kweli kusema hapana? Hiari yake ni nyembamba. Ndiyo maana mwajiri mwerevu haweki uzito wote kwenye sahihi. Anaanza na hitaji la kazi: naajiri mtunza fedha, kwa hiyo nahitaji kujua moja, mbili, tatu. Ridhaa inakuja juu ya hitaji hilo. Haiwezi kuwa mbadala wake.

Vyeti na wadhamini

Uhakiki wa vyeti ndio mwepesi kuliko wote, na ndio wenye ubishi mdogo. Matokeo ya kidato cha nne na sita yanahakikiwa NECTA. Vyuo vya kati viko chini ya NACTVET. Shahada ya nje ya nchi inatambuliwa kupitia Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA. Mhandisi, mhasibu, daktari na muuguzi wana bodi na mabaraza yao yanayotunza orodha ya waliosajiliwa. Hakuna katika hayo linalohitaji kumvizia mtu. Mwambie mwombaji: tutapeleka cheti chako NECTA, tukijiridhisha tutaendelea.

Linaloudhi hapa ni tabia ya kushikilia vyeti halisi. Mfanyakazi anaripoti siku ya kwanza, anaambiwa aache vyeti vyake ofisini "kwa usalama", kisha anavisaka siku akitaka kuondoka. Kuviona vyeti halisi, kuvilinganisha na nakala na kuvirudisha palepale kunatosha kabisa kwa uhakiki. Kuvifungia kabatini hakuhakiki chochote. Kunamfunga mtu tu. Shirika la Kazi Duniani, ILO, linahesabu kushikilia hati za utambulisho miongoni mwa viashiria vya kazi ya kulazimishwa, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kazi ya kulazimishwa. Mwajiri anayedhani ni ujanja wa kuzuia wafanyakazi wasihame ajue anacheza karibu na moto.

Wadhamini wanaotajwa kwenye wasifu ni suala jingine. Mwombaji akiandika jina na namba ya mtu, amekuidhinisha umpigie mtu huyo. Kundi la kwanza la waajiri niliowataja mwanzoni linaweza kupumua: piga. Lakini uliza yanayohusu kazi. Alifanya kazi hapo kuanzia lini hadi lini, alikuwa na majukumu gani, ungemwajiri tena? Ukianza kuuliza kama ameachana na mumewe au kwa nini anaswali msikiti fulani, umeshatoka nje ya ulichoruhusiwa.

Ngumu zaidi ni kumpigia mtu ambaye mwombaji hakumtaja, hasa bosi wake wa sasa. Kanuni ya jumla ya sheria ni kwamba taarifa za mtu zikusanywe kwake mwenyewe, na zikitoka kwingine kuwe na msingi, kama vile yeye kuidhinisha. Zaidi ya sheria, kuna ukatili ndani yake: simu moja ya "tunamfikiria huyu bwana, anafanyaje kazi?" inaweza kumfukuzisha mtu mahali alipo kabla hajapata anakokwenda. Taratibu nzuri ni kusubiri mpaka ofa itolewe kwa masharti, kisha kumwomba ruhusa ya kuzungumza na mwajiri wake wa sasa. Kwa waajiri wa zamani kuna njia isiyotumika vya kutosha: sheria ya ajira inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati ya utumishi anapoondoka. Mwajiri mpya akiomba hati hiyo, nusu ya maswali yake yanajibika bila kumpigia mtu.

Na vipi mwajiri wa zamani anayeulizwa? Yeye naye ni mkusanyaji. Aseme anayoweza kuyathibitisha kwa kumbukumbu. "Alikuwa mwizi" kuhusu mtu ambaye hakuwahi kufikishwa hata kwenye kikao cha nidhamu ni mwaliko wa kesi. Hali ni mbaya zaidi kwenye makundi ya WhatsApp ya maafisa rasilimali watu, ambamo jina, picha na namba ya mtu hurushwa na onyo la "msimwajiri huyu". Kwa macho ya sheria hiyo ni taarifa binafsi inayosambazwa kwa watu mia bila mhusika kujua, bila nafasi ya kujitetea, na bila ukomo wa kuitunza.

Rekodi ya polisi

Hapa uvumi ni mwingi, basi tuende taratibu.

Kwanza, njia halali inapitia kwa mwombaji. Ni yeye anayekwenda kuomba cheti cha Jeshi la Polisi kuonyesha kama ana rekodi ya uhalifu, ni yeye anayetoa alama za vidole, na ni yeye anayekuletea. Njia ya mkato ya kumpigia afande mnayefahamiana naye "anikagulie jina hili" haina ridhaa ya maandishi, haina kumbukumbu, na inamwingiza mwajiri na afande wote wawili matatani. Majibu yake pia si ya kuaminika, kwa sababu majina yanafanana. Fikiria kuna akina Juma Hamisi wangapi nchi hii.

Pili, kushtakiwa hakumfanyi mtu kuwa mhalifu. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka ithibitike kwamba ana hatia. Mtu aliyewahi kulala mahabusu siku mbili kwa ugomvi wa mpaka wa kiwanja, kesi ikafutwa, hana hatia yoyote ya kukuonyesha. Fomu inayouliza "umewahi kukamatwa?" inauliza swali lisilofaa. "Umewahi kutiwa hatiani na mahakama kwa kosa la wizi, kughushi au udanganyifu?" ni swali linaloeleweka, kama kazi ni ya kushika fedha.

Tatu, na hili huwashangaza wengi: sheria ya ajira ya Tanzania Bara inayokataza ubaguzi haikutaja rekodi ya jinai. Orodha yake ina rangi, utaifa, kabila au mahali mtu alikotoka, dini na maoni ya kisiasa, jinsi, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia, ulemavu, VVU na UKIMWI, umri na hadhi ya mtu katika maisha. Aliyewahi kufungwa hayumo. Kwa hiyo mwajiri akikataa kumpa mtu kazi ya benki kwa sababu aliwahi kutiwa hatiani kwa wizi, hawezi kushtakiwa kwa ubaguzi chini ya orodha hiyo. Kinga ya mwombaji huyo iko kwingine, kwenye sheria ya taarifa binafsi: mwajiri alikuwa na sababu ya kuuliza? Alipata ridhaa ya maandishi? Taarifa ilikuwa sahihi? Mtunza bustani kukataliwa kwa sababu ya faini ya usalama barabarani ya miaka kumi na mbili iliyopita kunaweza kusiwe ubaguzi kisheria, lakini mwajiri atapata shida kueleza kwa nini aliikusanya taarifa hiyo.

Wanaoajiri dada wa kazi, mlinzi au dereva wa nyumbani hutegemea zaidi barua ya serikali ya mtaa na mdhamini. Ni utaratibu mzuri, ila usiupe uzito usio wake. Barua ya mtendaji inathibitisha kwamba mtu anatambulika kuwa mkazi wa mtaa ule. Haisemi kwamba hajawahi kuiba, na mtendaji hana namna ya kujua.

Afya

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inatambua upimaji wa afya kabla ya mtu kupangiwa kazi, na mpishi au mhudumu wa chakula naye anapaswa kupimwa. Basi waajiri wengine huchukua mlango huo na kupitisha kila kipimo wanachokitaka, VVU na ujauzito vikiwemo.

Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inakataza kumpima mtu VVU kwa lazima, isipokuwa katika mazingira machache iliyoyataja, mfano kwa amri ya mahakama. Kuomba kazi si mojawapo. Ujauzito uko kwenye orodha ya ubaguzi, kwa hiyo kipimo cha mkojo kinachofanywa kimya kimya kwa wasichana wanaoomba kazi hotelini hakina pa kujificha. Uchunguzi wa afya unatakiwa kujibu swali moja tu: mtu huyu anaweza kuifanya kazi hii bila kujidhuru au kuwadhuru wengine? Daktari anaweza kuandika "anafaa", "hafai" au "anafaa kwa masharti haya". Mwajiri hahitaji karatasi ya maabara.

Ubaguzi una mwanya mmoja halali, nao ni mahitaji halisi ya kazi yenyewe. Rubani lazima aone vizuri. Lakini mwanya huo haujachimbwa kwa ajili ya "wateja wetu wanapenda sura changa". Na mwombaji akileta ushahidi wa awali unaoonyesha kwamba amebaguliwa, mzigo wa kuthibitisha kwamba haikuwa hivyo unahamia kwa mwajiri. Watafuta kazi ambao hawajaajiriwa bado wanalindwa pia katika hili, jambo ambalo waajiri wengi hulisahau, wakidhani kinga huanza baada ya mkataba. Kwa mantiki hiyo, sehemu za "kabila" na "dini" ambazo bado zimo kwenye fomu nyingi za maombi ya kazi hazina faida kwa mwajiri. Zinamtengenezea ushahidi dhidi yake mwenyewe. Azifute leo.

Madeni na mitandao ya kijamii

Benki ikimchunguza meneja wa tawi kama ana mikopo isiyolipwa, kila mtu anaelewa kwa nini, na ridhaa ya maandishi ikiwepo mambo ni sawa. Kampuni ya usafi ikimchunguza mfagiaji, hakuna anayeelewa. Deni la kikoba au la duka la mangi halina uhusiano na ufagio.

Mwaka 2024 mwezi Novemba Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wakopaji walilalamika sana juu ya mtindo wa kuwatumia ujumbe ndugu, marafiki na hata mabosi wao: fulani ni mdaiwa sugu, mwambieni alipe. Bosi aliyepokea ujumbe kama huo hakupata "taarifa za uchunguzi". Amepokea taarifa nyeti iliyovujishwa, na akiitumia kumnyima mtu kazi au kumpandisha cheo mwingine, anaendeleza uvunjaji ulioanzishwa na mtu mwingine.

Mkopo wa elimu ya juu usichanganywe na hayo. Mwajiri ana wajibu wa kisheria wa kuwasilisha makato ya Bodi ya Mikopo, HESLB, asilimia 15 ya mshahara kwa wanufaika, kwa hiyo kuuliza kama mtu ni mnufaika kuna sababu. Swali hilo ni la siku ya kusaini mkataba, la kupanga mshahara. Halina nafasi kwenye usaili.

Instagram na Facebook? Alichokiweka mtu hadharani kinaonekana hadharani, na hakuna sheria inayomfumba mwajiri macho. Tatizo ni kwamba ukipitia ukurasa wa mtu huchagui unachokiona. Ulikwenda kuangalia kama anatukana wateja, umerudi ukijua ni mjamzito, ni wa chama fulani na anasali wapi. Baada ya hapo utathibitishaje kwamba hukuyatumia? Ofisi makini humpa kazi hiyo mtu asiyekuwa kwenye jopo la usaili, akiwa na orodha fupi ya vitu vya kutafuta, na analeta hivyo tu. Kumwomba mwombaji nywila yake, au kuingia kwenye akaunti yake bila idhini, kunakugusisha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Na kampuni zinazoachia programu ya kompyuta ichuje maombi peke yake zifahamu kwamba mhusika ana haki ya kutaka uamuzi unaomgusa kwa kiasi kikubwa usifanywe na mashine pekee.

Baada ya majibu kupatikana

Tumezoea kununua karanga zilizofungwa kwenye karatasi za ofisi. Mara kadhaa karatasi hiyo ni barua ya maombi ya kazi ya mtu, ikiwa na jina, anwani, namba ya simu na wakati mwingine nakala ya kitambulisho. Hakuna udukuzi uliofanyika hapo. Kampuni imeuza makaratasi kwa kilo.

Sheria inataka taarifa zitunzwe kwa usalama na zisikae kuliko lengo lake linavyohitaji. Kwa walioajiriwa, nyaraka zinaingia kwenye faili la mfanyakazi. Kwa walioachwa, nadhani busara ni kusubiri muda wa malalamiko upite, kisha kuziteketeza au kuzifuta, pamoja na zile zilizobaki kwenye barua pepe za wanajopo. Anayetaka kutunza wasifu wa mtu kwa nafasi za baadaye amwambie na apate kibali chake. Faini ya kiutawala ambayo Tume inaweza kutoza inafika shilingi milioni 100, na fidia kwa mhusika ni suala la pembeni yake.

Ikigundulika kasoro wakati wa uchunguzi, usimwache mtu gizani. Mwonyeshe ulichokipata na umpe nafasi ya kueleza. Jina kuandikwa tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne ni jambo la kila siku nchini, na mara nyingi linamalizwa kwa hati ya kiapo. Ana haki pia ya kutaka taarifa potofu zirekebishwe.

Cheti kikigundulika ni cha kughushi baada ya mtu kushakuwa kazini, hasira ya mwajiri inaeleweka, lakini bado kuna utaratibu: tuhuma kwa maandishi, muda wa kujiandaa, kikao, uamuzi. Kughushi ni sababu nzito ya kuachisha kazi, ila sababu nzito isiyofuata utaratibu inaweza kumgharimu mwajiri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita hana kinga hiyo ya kuachishwa isivyo haki kwa kiwango kilekile, na hii ni sababu nyingine ya kumaliza uhakiki mapema badala ya kuukumbuka mwaka wa tatu. Ofa ya kazi iandikwe wazi kwamba inategemea matokeo ya uhakiki, na uhakiki gani.

Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Namba 11 ya 2005, kwa hiyo niliyoyasema kuhusu ubaguzi na CMA ni ya Bara.

Mwombaji anayeona amekosewa ana milango miwili. Kama suala ni jinsi taarifa zake zilivyokusanywa, kusambazwa au kutunzwa, malalamiko yanakwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kama ni ubaguzi, anakwenda CMA, ambako muda ni siku 60 kwa migogoro ya aina hiyo na siku 30 kwa anayelalamikia kuachishwa kazi. Kabla ya kufika huko, aandike barua moja kwa mwajiri akiomba kuonyeshwa taarifa zake walizonazo. Haki ya kuziona anayo, na jibu atakalopewa, au kunyimwa kwake, litakuwa kielelezo cha kwanza kwenye faili lake.